Mahame ya Pwani na Wenyeji Wake
(Hotuba kwa Machifu, Walimu na Wazee)



Leo twapenda kusema nanyi habari ya kuzuru mahali pa kale palipo karibu na kwetu: mahame, ngome, kaya, na viwanja vya wazi vya miji yetu. Maneno yatakuwa mengi, lakini shabaha yake ni moja, nayo ni hii: mlinzi wa kwanza wa mahali pa kale ni mwenyeji wake, wala hakuna mtu awezaye kulinda asichokijua. Basi yampasa mwenyeji aende akakione kilicho chake.

Jambo hili laonekana jepesi, kumbe sivyo. Wageni huvuka bahari, wakalipa nauli kubwa, wakaja kutazama kuta zetu na kuuliza habari zake. Lakini wako watoto wengi katika vijiji vya jirani ambao humaliza masomo yao hawajaingia lango la mahame hata siku moja, ingawa kila asubuhi hupita mbele yake wakienda shule. Mgeni akiwauliza ni nini mle ndani, hujibu, “Ni mawe tu.” Neno hilo “mawe tu” ndilo tupendalo kuliondoa leo.

Kwanza na tukumbushane yaliyopo. Pwani ya Kenya, tangu Vanga kusini hata visiwa vya Lamu kaskazini, imejaa mahame. Karibu na Mtwapa liko Jumba la Mtwana, lililo ufuoni kabisa. Juu ya hori ya Kilifi uko Mnarani, na mtu atokaye majini hupanda ngazi ya vidato yapata mia moja kuufikia msikiti wake wa kale. Njia ya Watamu, yapata kilomita 16 kusini ya Malindi, uko mji wa Gedi. Mombasa iko ngome iitwayo Fort Jesus. Na bara kidogo, na vile vile pwani ya kusini, iko misitu ya kaya za Wamijikenda. Hatuwezi kueleza yote kwa siku moja; kwa hiyo tutakaa zaidi Gedi, kwa kuwa mji ule ni kama kitabu kilicho wazi kwa kila ajuaye kusoma.

HABARI YA GEDI

Mji wa Gedi ulisitawi sana katika karne ya 15, ukahamwa mapema katika karne ya 17. Wenyeji wake walikwenda zao, msitu ukaingia, mizizi ya miti ikakumbatia kuta, na kwa muda wa miaka mingi mji ukakaa kimya. Mwaka 1884 aliuona Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja. Mwaka 1927 Serikali ilitangaza kuwa ni mahali pa ukumbusho wa kale. Mwaka 1948 pakafanywa hifadhi ya taifa, na tangu mwaka huo hata 1958 Bwana James Kirkman alichimbua na kufagia magofu yale. Mwaka 1969 ulinzi wake ulitiwa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji wa Gedi katika orodha ya urithi wa dunia nzima.

Mji wenyewe ulikuwa na kuta mbili. Ukuta wa nje ulizunguka ardhi ipatayo eka 45, na ukuta wa ndani ulizunguka nyumba za mawe, jumba la mfalme na Msikiti Mkuu. Kati ya kuta hizo mbili palikuwa na nyumba za watu wengine, zilizojengwa kwa miti na udongo, nazo hazikuacha kuta za kutazamwa. Jambo hilo twaomba mwalimu awaonyeshe watoto kwa makusudi: palipo tupu hapakuwa tupu. Walikaa watu wenye nyumba kama zile tulizozaliwa ndani yake, wakapika, wakalea watoto, wakaenda kisimani.

Visima navyo ni somo. Viko vingi, tena virefu kwenda chini. Wataalamu wametaja sababu kadhaa za mji kuhamwa: vita vilivyopita pwani mwishoni mwa karne ya 16, mashambulio yaliyotoka kaskazini, na maji ya visima kushuka. Mtoto atakayeinama kwa uangalifu katika mdomo wa kisima cha Gedi ataelewa mara moja kwamba mji hauishi kwa uzuri wa kuta zake, bali kwa maji. Sisi tulio wakulima hatuhitaji kuambiwa neno hilo mara mbili.

Liko pia kaburi lililoandikwa tarehe. Mwaka uliochorwa pale ni 802 wa Hijra, nao ni sawa na mwaka 1399. Kwa sababu ya tarehe ile moja, wataalamu walipata mahali pa kuanzia hesabu zao. Tena juu ya tao la mlango mmoja wa Msikiti Mkuu pamechongwa mfano wa kichwa cha mkuki. Mikuki ni kitu cha nchi hii, na fundi aliyekichonga alichonga alichokijua.

KITU NA MAHALI PAKE

Sasa sikilizeni jinsi nyumba za Gedi zilivyopata majina. Bwana Kirkman hakujua majina ya wenyewe, kwa hiyo nyumba nyingi aliziita kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Fedha za Kichina, iko Nyumba ya Ushanga wa Venezia, iko Nyumba ya Sanduku la Pembe. Mkasi ni kitu kidogo, lakini mkasi uliokutwa mahali pake watuambia habari ya watu waliokaa katika nyumba ile. Fedha za China zatuambia ya kuwa biashara ya pwani ilifika mbali, mkono kwa mkono, hata pande za mashariki ya mbali.

Basi fikirini: kama mtu angalipita kabla, akauokota mkasi ule akautia mfukoni, nyumba ile ingalikosa hata jina. Na mkasi wenyewe, huko ulikopelekwa, ungalikuwa chuma chenye kutu tu. Kitu kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake, na mahali penyewe hupoteza nusu ya pili. Kwa hiyo twasema: kigae, ushanga, fedha, hata jiwe lililoanguka, liache lilipo, na ukiona jambo jipya, mpashe habari mlinzi.

Tena yuko mtu aonaye ukuta mzuri wa lipu, akachukua msumari akaandika jina lake na mwaka. Adhani ya kuwa ameacha ukumbusho. Lakini fundi wa mwaka 1399 aliandika juu ya kaburi kwa idhini ya wenyewe na kwa heshima ya maiti, na huyu ameharibu kazi ya fundi mwingine bila faida. Na mwenye kubeba mawe ya matumbawe ya gofu ili akajengee choo, au akayachome apate chokaa, amekula mbegu badala ya kuipanda. Tangu mwaka 2006 Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi wa taifa, na kuharibu au kuchukua vitu kama hivi ni kosa. Lakini twaona afadhali mtu ajizuie kwa kujua kuliko kuzuiwa kwa kuogopa.

UDHURU WA KWANZA: “SI YETU”

Tukiwauliza watu kwa nini hawaendi, twapata udhuru wa namna tatu. Wa kwanza ni huu: “Nyumba hizo zilijengwa na wageni, hazituhusu.”

Kusema kweli, neno hilo hawakulianza wanakijiji. Wataalamu wa zamani waliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao, wakaiita miji ya pwani miji ya Waarabu. Lakini elimu imeendelea. Huko Shanga, kisiwani Pate, Bwana Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti na udongo, mmoja chini ya mwingine, kurudi hata karne ya 8. Maana yake mji haukushushwa jahazini ukiwa tayari. Ulikua hapa hapa, tangu kibanda hata jumba. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani, Mtwapa ikiwa mmojawapo. Walikuta ya kuwa watu wale walikuwa na damu ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na damu ya Asia, zaidi ya Uajemi, kwa upande wa baba. Basi yeyote asemaye “si yetu” amkana mama.

Hata bila elimu hiyo, tazameni kuta. Mawe yake ni matumbawe ya bahari hii, na chokaa yake imechomwa kwa matumbawe hayo hayo. Vigae vya China vipo, navyo ni vizuri. Lakini vigae vingi zaidi ni vya vyungu vilivyofinyangwa na watu wa nchi hii.

UDHURU WA PILI: “PANA MIZIMU”

Udhuru wa pili ni wa woga. Watu husema pale pana mizimu na roho za wazee wa kale, na afadhali kutokwenda. Sisi hatudharau maneno ya wazee. Kinyume chake twaona kwamba heshima yao ndiyo iliyotuhifadhia mali nyingi. Tazameni kaya za Wamijikenda. Watu waliziacha kuwa makao yao, hata kufika miaka ya 1940 hawakukaa tena ndani yake. Lakini wazee wa kaya waliendelea kukataza kukata miti, kulisha mifugo na kuingia ovyo. Mashamba yakasogea kila upande, misitu mingine ikaisha, na kaya zikabaki na miti yake mikubwa. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Si walinzi wa bunduki walioifikisha hapo, bali wazee wenye mikongojo.

Lakini heshima si kujitenga. Katika Kaya Kinondo, pwani ya kusini, wazee wenyewe huwaongoza wageni ndani ya msitu. Mgeni huvishwa kitambaa cheusi kiunoni, huenda kwa utaratibu, hafanyi neno ila aliloruhusiwa. Hivyo ndivyo inavyofaa: mwenye mahali aweke masharti, na mgeni ayafuate. Mtoto aliyefundishwa adabu ya mahali akaingia na mzee wake atapaheshimu zaidi kuliko yule aliyetishwa tu. Maana woga ukiondoka hauachi kitu nyuma yake, bali ujuzi hukaa.

Tena kutojua kwetu huwafaa wezi. Ninyi Wagiriama mwavijua vigango, nguzo za mti zilizochongwa ambazo watu wa chama cha Gohu husimamishiwa wakiisha kufa. Vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa wafanya biashara, vikasafirishwa mpaka Marekani, vikawekwa katika majumba ya makumbusho. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2007, baada ya miaka 22 na kazi kubwa ya kuvitafuta. Vilipatikana kwa sababu vilikuwa vimepigwa picha vikiwa vimesimama mahali pake, na wenyewe waliweza kuvitambua. Vingine vingapi havina wa kuvitambua? Mwizi hupenda kitu kisicho na shahidi. Kijiji kitembeleacho makaburi na makumbusho yake, kikiyahesabu na kuyajua, kina mashahidi mia.

UDHURU WA TATU: “FAIDA YAKE NINI?”

Udhuru wa tatu ni wa tumbo, nao haufai kuchekwa, kwa kuwa mwenye njaa hana nafasi ya kutazama magofu. Jibu lake liko Gedi kwenyewe. Karibu na mahame yale uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Zamani wengi wa majirani walitaka ukatwe wapate mashamba. Mwaka 1993 ukaanzishwa mpango uitwao Kipepeo. Wakulima wa kandokando ya msitu walifundishwa kufuga vipepeo: huwalea viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na wakiisha kuwa mabuu hupelekwa Gedi, na kutoka hapo husafirishwa nchi za ng’ambo kwa watu waonyeshao vipepeo katika majumba ya vioo. Msitu ukikatwa, hakuna majani wala kipepeo wala fedha. Hivyo mkulima akawa na sababu yake mwenyewe ya kuulinda msitu.

Hatusemi kila gofu litaleta fedha kama hizo. Twasema tu ya kuwa faida huja kwa jirani aliye tayari: kijana ajuaye habari za mahali aweza kuwa kiongozi wa wageni, na mama aliye karibu na lango aweza kuuza madafu na vyakula. Asiyejua hatapata ila kutazama magari yakipita.

VIWANJA VYA WAZI VYA MIJI

Na wale wakaao mijini wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Fort Jesus ilijengwa na Wareno mwaka 1593 hata 1596. Ikazingirwa na Waomani mwaka 1696, ikatekwa mwisho wa mwaka 1698. Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Ukuta mmoja umekuwa silaha, ukawa kifungo, ukawa shule. Mwalimu anataka nini zaidi?

Karibu na mlango wa Likoni kuna bustani ya Mama Ngina, yenye mibuyu mikubwa, iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Watu wa mji huenda kupunga upepo jioni, wakala mihogo ya kukaanga, wakatazama meli zikiingia bandarini. Msidhani kupunga upepo ni uvivu. Uwanja ukanyagwao na watu kila siku hujulikana ni wa watu. Uwanja usiokanyagwa huonekana hauna mwenyewe, na asubuhi moja utakuta umezungushiwa mabati. Tume iliyoongozwa na Bwana Paul Ndung’u ilitoa taarifa yake mwaka 2004, ikaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria katika Kenya nzima. Basi baba awapelekaye watoto wake uwanjani siku ya mapumziko, pamoja na kuwafurahisha, amelinda mpaka.

SHAURI LETU

Sasa twatoa shauri, kila mtu na sehemu yake.

Machifu na manaibu wenu: jueni kila mahali pa kale palipo katika eneo lenu, hata kama ni kaburi moja au kisima kilichofukiwa. Taja habari zake katika baraza lako, ili watu wajue mipaka yake ni wapi. Ukisikia mtu anachimba mawe, anachoma chokaa au anauza kiwanja mahali hapo, usingoje ukuta uanguke ndipo upeleke habari kwa Makumbusho.

Walimu: msipeleke watoto kama kundi la mbuzi. Andikeni mapema kwa wenye kuangalia mahali hapo, mwulize ada na saa. Chagueni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kila mtoto awe na maji na viatu. Na Gedi chakula kifichwe, maana kima wa pale ni wepesi wa kunyakua. Gawanyeni watoto katika mafungu madogo, na kila fungu lipewe swali moja la kujibu kwa macho yake: Maji yalitoka wapi? Mlango huu watazama upande gani, na kwa nini? Ukuta huu umejengwa kwa nini? Wakirudi, waandike walichokiona, kisha wawasomee wazazi wao. Wasikanyage juu ya kuta, wala wasiache takataka.

Wazee: ninyi ni kitabu kisicho na nakala ya pili. Mwajua jina la kale la kisima, mwajua ni nani aliyezikwa chini ya mbuyu ule, mwajua njia ya kwenda pwani kabla ya barabara. Nendeni pamoja na watoto, mseme mkiwa mmesimama pale pale. Kisha mwalimu aandike. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, lililofunikwa hapo hakuna mtaalamu awezaye kulichimbua.

Mwisho, twawaomba jambo dogo. Kabla ya mwezi huu kuisha, kila mmoja wenu achague mahali pamoja pa kale palipo karibu naye, aende na mtoto mmoja, wake au wa jirani. Atazame, aulize, asichukue kitu, arudi na habari. Na siku mgeni atakapomwuliza mtoto yule, “Mle ndani kuna nini?” apate jibu lililo bora kuliko lile la mawe tu.